Jaji Analala Chini ya Meza

3 Februari

Mama Jaji, mkwe wangu,

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: masikio yangu na simu vilishaachana, na nikikupigia utaishia kuzungumza na mtu anayejibu "naam" kwa kila kitu. Ya pili ni kwamba baba mkwe na mkwe hawakai sebuleni wakabishana. Karatasi haina haya.

Tangu mliporudi kwenu mwezi uliopita, nyumba hii haijaacha kumzungumzia mjukuu wangu. Nitayataja yaliyosemwa ili usiyapate kwa mtu mwingine yakiwa yametiwa chumvi. Muda wote mliokuwa hapa mtoto hakulala ila alipochoka kulia. Ulimvua gauni la kulalia aliloshonewa na shangazi yake, ukamvalisha shati kuukuu la baba yake, tena limegeuzwa nje ndani. Ukamlaza sakafuni chini ya meza ya chakula, ukaning'iniza shuka pande zote kama mtu anayeficha kitu. Na shangazi yake alipochungulia alikukuta unamkandamiza miguu kwa viganja vyote viwili. Anasema hajapata kumwona mama akimfanyia hivyo mtoto wa miaka minne.

Mimi si mtu wa kuhukumu kwa kusikia, hasa siku hizi. Lakini nilifundisha fizikia mpaka nikastaafu, na watoto nawajua kidogo, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Usingizi ni mazoea. Mtoto hufundishwa kulala kama anavyofundishwa kusoma: saa ileile, kitanda kilekile, na mkubwa asiyeyumba. Ukimbadilishia mambo kila anapokunja uso, somo analolipata ni kukunja uso. Sisi wenyewe tulimbandika jina la Jaji kwa kuwa hapokei kitu kabla ya kukikagua. Sasa naona ametuhukumu wote.

Kwa hiyo ndugu wameshauriana. Jumamosi ya mwisho ya Machi tutakaa kikao hapa kwangu. Pendekezo ni kwamba Jaji akae na shangazi yake mpaka atakapoanza shule, anyooshwe. Samaki mkunje angali mbichi. Mume wako, huko mitamboni anakofanya kazi, amesema nitakaloamua mimi ndilo lake. Njoo na Jaji siku hiyo, pamoja na nguo zake.

Usilione hili kuwa ni adhabu. Unaamka kabla ya jogoo kwenda kuoka mikate ya watu. Hata wewe utapumzika.

Baba mkwe wako,
Mwalimu


12 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa, na jibu limebaki lilelile. Sitamleta.

Naomba usione nimekukosea adabu. Katika mengine yote nikikukosea nitapiga magoti. Hili ni la mtoto.

Shati lile liligeuzwa kwa sababu mishono iko ndani. Kwako na kwangu mshono ni uzi tu. Kwa Jaji ni mchanga ndani ya kiatu, na hautulii mpaka uvue. Gauni la wifi ni zuri, lina lasi shingoni, na mtoto alijikuna mpaka akajichubua. Shati la baba yake limefuliwa mpaka limechoka kuwa na maoni. Ndiyo maana tulilichagua.

Chini ya meza nilimpeleka kwa sababu chumba mlichotupa ni kikubwa na taa ya barabarani inaingia. Jaji akilala katikati ya nafasi tupu hajui mwili wake unaishia wapi. Si maneno yangu haya. Mtaalamu wa watoto wa kliniki alinieleza kwamba wapo watoto ambao mlango wa fahamu zao hauna bawabu: kila kinachopita kinaingia, kikubwa kwa kidogo, na vyote vinaingia kwa pamoja.

Na hilo la kukandamiza alinifundisha yeye, kisha mikono yangu ikamalizia, maana ni kazi inayoijua. Donge la unga ukilipapasa kwa ncha za vidole linanata na kuchanika. Ukilikanda kwa kiganja, polepole, kwa uzito usiobadilika, linatulia lenyewe. Jaji akipapaswa anaruka kama ameunguzwa. Akibanwa vizuri, kuanzia bega mpaka unyayo, anashusha pumzi. Tuna sheria moja: akisema "basi", naacha hapohapo. Wifi alichungulia, hakuuliza. Angeuliza angemsikia mwenyewe akisema, "Tena, Mama. Kama mkate."

Kuna jambo moja zaidi lililomkosesha usingizi huko kwenu. Hilo si langu kulisema.

Mkweo,
Mama Jaji


20 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Umeandika vizuri. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama za juu kwa lugha na za wastani kwa hoja.

Nieleze kwa nini. Mtu mwenye miguu mizima ukimpa mkongojo kwa huruma, baada ya muda hatembei bila huo mkongojo. Leo ni shati, kesho ni meza, keshokutwa ni wewe mwenyewe, kila jioni, mpaka lini? Shuleni hakuna atakayemgeuzia sare. Dunia haina mpango wa kunyamaza kwa ajili ya mtoto mmoja, hata akiwa mjukuu wangu. Ni afadhali aizoee akiwa mikononi mwa wanaompenda.

Nimelifikiria sana lile jambo ulilokataa kulitaja. Nimewauliza wa humu ndani. Shangazi yake anasema ni visingizio. Kaka mkubwa wa mume wako, fundi bomba wetu, anasema labda ni godoro. Mimi nimekagua godoro, halina tatizo. Na nyumba yangu ni tulivu. Nakaa sebuleni jioni nzima na sisikii hata panya.

Kama ni jambo la kweli, liseme. Kama si la kweli, kikao kiko palepale.

Baba mkwe wako,
Mwalimu

Binti yangu amening'ang'ania twende hospitali kuhusu masikio. Nimemwambia hakuna jipya la kusikia.


1 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilipofika pale uliposema nyumba yako ni tulivu, niliiweka barua chini nikaenda kuchekecha unga.

Sitalisema. Mkwe ana mipaka yake, na nyumba ya mtu haisemwi na mgeni aliyekula humo. Nilikataa kumtoa mtoto, sitaongeza na hilo.

Mume wangu alipiga simu Jumapili. Aliniambia, "Mtii Baba, mke wangu, usinitie katikati." Nilimwambia namtii Baba kwa yote, isipokuwa pale ambapo gharama ya utii wangu italipwa na mtu wa miaka minne. Akauliza kama Jaji bado analala na shati lake. Nikasema ndiyo.

Kuhusu shule: atakapoanza, nitazungumza na mwalimu wake. Akikataa, nitazungumza naye tena. Mimi natandika mabati ya mikate kabla jua halijachomoza, Baba. Sichoki upesi.

Na kuhusu mkongojo, unampa mtu mkongojo kwa sababu mguu unauma. Hakuna aliyewahi kuponya mguu kwa kuuficha mkongojo.

Ila sitaki ufikiri najifanya kujua kila kitu. Kuna jioni nafanya yote. Namkanda, nazima taa, naongea naye kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, kope zinaanza kufunga. Halafu anashtuka kama amemwagiwa maji na kuziba masikio. Nasikiliza. Sisikii chochote. Jirani yangu mshonaji, anayebaki naye ninapokwenda kazini, naye hasikii. Jaji anasema, "Amekuja." Namuuliza nani. Anasema, "Huyo." Tunaanza upya. Jioni hizo zinanishinda, na nakuambia kwa sababu ni kweli.

Lakini kushindwa kwangu hakujawa sababu ya kumtoa.

Mkweo,
Mama Jaji


9 Machi

Wifi,

Sikusalimii kwa kuwa nimekukasirikia, ila natumaini hujambo.

Umemwandikia nini baba yangu?

Jumanne nilimpeleka hospitali. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote tulichokwenda kufanya, kwa hiyo sikuambii. Nakuambia yaliyofuata. Tuliporudi nilimwacha varandani nikaenda kupakua chakula. Redio ilikuwa imewashwa mpaka mwisho, kama kawaida, maana bila hivyo hapati taarifa ya habari. Kaka alikuwa sebuleni anaongea na simu, naye kama kawaida. Nikamwita Baba aje kula. Akaja, akasimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kwani tunagombana?" akauliza.

"Nani anagombana? Nakuita ule."

"Huwa unaniita hivyo?"

"Tangu masikio yako yaharibike nakuita hivyo, Baba. Ungependa nikuitaje, kwa barua?"

Akatazama redio, akanitazama mimi, akaenda kulala bila kula. Kesho yake redio imefunikwa kitambaa kama marehemu. Masufuria sasa nayashusha mojamoja kama mayai. Vijiko vya chuma vimefungiwa, tunakula kwa vya mbao. Saa ya ukutani imenyang'anywa betri. Kaka alikuja akaanza kusalimia kwa sauti yetu ya siku zote, akaambiwa ashushe sauti au ashuke ngazi. Fundi bomba mzima, anatembea kwa vidole vya miguu.

Mimi ndiye niliyeitunza nyumba hii. Mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka koo likaota ugumu ili mzee wangu asijisikie peke yake. Leo naambiwa mimi ni kelele.

Na nikwambie jingine. Nimemnunulia Jaji kitanda. Cha mbao, kina droo chini na ua limechongwa upande wa kichwani. Sijazaa, Wifi, unajua, na hutanisikia nikililia hilo mbele za watu. Lakini kitanda nimekinunua na kimetandikwa. Kwa hiyo lolote ulilomwandikia Baba, lifute.

Wifi yako,
Shangazi wa Jaji


14 Machi

Mkwe wangu,

Nimevaa kifaa cha kusikia. Kiko nyuma ya sikio la kulia, kidogo kuliko punje ya korosho. Sikutaka ujue, maana mzee aliyewafundisha watu sifa za sauti kisha anaazima sikio dukani ni kichekesho. Lakini nina jambo la kukueleza na haliwezi kuelezwa bila hicho kifaa.

Sikio zima lina hekima ambayo mwenye nalo haijui. Linachagua. Ukiongea na mtu barabarani, linaleta maneno yake mbele na kusukuma magari nyuma. Kazi hiyo hufanywa na ubongo, bila kukuomba ruhusa. Kifaa changu hakijui kuchagua, angalau bado sijakizoea. Kinapokea vyote kwa heshima sawa. Kijiko kikigusa sahani ni nyundo juu ya bati. Barua yako nilipoikunjua ilinguruma. Maji ya bomba, viatu vya binti yangu, kitambaa cha kola yangu kikisugua shingo, vyote vilikuwa mbele, hakuna kilichokubali kukaa nyuma.

Kisha nikaisikia nyumba yangu.

Lile jambo ulilokataa kulisema, mkwe wangu, nimelisikia mwenyewe nikiwa mlangoni. Tulimtaka mtoto alale katikati ya gulio, na gulio lenyewe lilipangwa kwa ajili yangu. Kwa upendo, nakubali. Lakini upendo wenye sauti ile haulazi mtu. Mimi usiku ule nilikivua kifaa nikakiweka mezani, nikapata amani. Nimekaa na swali moja tangu siku hiyo: Jaji atavua nini?

Sasa nikueleze la pili, ambalo huenda likakufaa. Nikipita karibu na jokofu letu linapoanza kunguruma, nashtuka mwili mzima. Likishakuwa linanguruma sishtuki tena. Kinachonipiga ni ule mwanzo. Wewe umeandika kwamba Jaji hushtuka ghafla, anasema "amekuja", nanyi hamsikii. Masikio yenu mazima yameshaamua kwamba kitu hicho si habari. Jokofu lako liko wapi? Kama limegusa ukuta wa chumba anacholala, ukuta unaubeba mtikisiko na kuupeleka mpaka kwenye mto wake, maana sauti husafiri vizuri zaidi katika kitu kigumu kuliko hewani. Weka kiganja ukutani jioni, usubiri. Ukihisi kitu, lisogeze, na chini ya miguu yake uweke mpira wowote laini.

Kikao kipo. Nilikiitisha mimi na hakivunjwi kwa barua. Lakini usije, wala usimlete mtoto. Baki na tanuri lako. Sitakuambia nitasema nini, kwa sababu mwenyekiti hatoi uamuzi kwa posta.

Baba mkwe wako,
Mwalimu


22 Machi

Baba,

Shikamoo. Jokofu lilikuwa limeegemea ukuta uleule, upande wa pili wa kichwa chake. Niliweka kiganja kama ulivyosema. Nilikaa hivyo mpaka nikaona nimekuwa mjinga, na ndipo ukuta ukatetemeka, kidogo tu, kama donge linapoanza kuumuka chini ya kitambaa. Jaji alikuwa ananitazama. Akasema, "Huyo." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu ambaye shahidi wake amefika mahakamani.

Mimi na mshonaji tulilisukuma mpaka ukuta wa barabarani, tukakata ndara kuukuu tukaziweka chini ya miguu yake. Sasa jioni nyingi analala. Si zote. Jana alikesha na sababu sikuipata, huenda ni kiatu alichovaa mchana. Nitaitafuta.

Nashukuru, Baba. Ningekaa mwaka mzima nisilijue hilo.

Ila sikufichi, nimesoma pale ulipokataa kuniambia utasema nini na sikulala vizuri mimi. Kwa hiyo naliandika kabla ya kikao lisije likaonekana limetungwa baadaye: kama ndugu wataamua vinginevyo, jibu langu la Februari bado halijachacha. Wakija kumchukua watanikuta mlangoni, na mikono yangu ina unga.

Mkweo,
Mama Jaji


30 Machi

Mkwe wangu,

Kikao kimekwisha. Nikusimulie kwa utaratibu, maana najua utaanza kusoma kutoka chini.

Binti yangu aliongea wa kwanza. Aliongea kwa uchungu na kwa upendo, na hakusema uongo hata mmoja. Shati aliliona, meza aliiona, mikono yako aliiona. Fundi bomba akafuata. Akasema watoto wa siku hizi wanaendekezwa, na kwamba yeye alilala kwenye paa la lori la saruji na hakufa. Nikamuuliza kama alilala au alizimia. Wengine wakacheka, yeye hakucheka.

Mwalimu asiye na jaribio ni mhubiri tu. Kwa hiyo nikamwita huyo fundi bomba mbele. Nikakipunguza nguvu kifaa changu ili kisimdhuru, nikamvisha sikioni, nikaomba chai. Nilikoroga sukari kwa kijiko cha chuma. Nikaburuta kiti. Nikamwambia mkewe akunje mfuko wa plastiki. Hapakuwa na kelele yoyote, ni mambo ya kila siku tu. Yule bwana alikaza meno, akainua mabega mpaka yakagusa masikio.

Nikamwambia, "Sasa lala."

"Baba, nitalalaje na vitu hivi?" akasema kwa sauti yake ya zamani, nami nikamsikia hata bila kifaa.

"Lala. Dunia haina mpango wa kunyamaza kwa ajili ya mtu mmoja."

Alikivua mwenyewe akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayerudisha kitu cha moto. Maneno yale unayakumbuka, niliyaandika mimi. Nilitaka niyasikie yakisemwa kwa sauti mbele ya watu.

Nikakivaa tena, nikatoa uamuzi. Jaji anabaki kwa mama yake. Atalala na shati la baba yake, limegeuzwa, na atalala chini ya meza kama huko ndiko usingizi uliko. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Basi nikakivua kifaa, nikakitia mfukoni mwa shati, nikaendelea na chai yangu. Midomo ilicheza kwa muda, kisha ikachoka. Uzee una faida zake.

Mume wako nimemwandikia. Nimemwambia nitakaloamua ndilo lake, kama alivyoahidi, na nimeamua akusikilize wewe.

Anayenisumbua moyo ni binti yangu. Hakubishana. Aliosha vyombo bila kugonganisha hata kimoja, akaenda kukaa katika chumba cha kile kitanda. Sijui atafanya nini. Mwandikie, ukipata nafasi. Au mwache kwanza.

Baba mkwe wako,
Mwalimu


17 Mei

Wifi,

Hujambo? Safari hii nakusalimia.

Barua yako ilifika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Lile gauni nimelifumua lasi lote, mishono nimeihamishia nje, sasa linaonekana kama limeshonwa na mlevi. Nimelifua mara nyingi na kulianika kivulini. Nimelivaa shingoni kutwa nzima kama skafu kulijaribu. Mimi si Jaji, lakini mpaka jioni nilikuwa nimelisahau, na Baba anasema hicho ndicho kipimo.

Kitanda kilikuwa kirefu mno kwa kimo. Seremala alidhani nimechanganyikiwa nilipomwambia akate miguu na kuondoa droo. "Mama, droo ndiyo bei yake." Nikamwambia akate. Sasa kinaingia chini ya meza ya chakula barabara, na shuka la giza nimelishonea vitanzi, linaning'inia pande zote. Nililala humo mwenyewe mchana mmoja, nimejikunja kama herufi. Niliamka saa ya chai. Sikuwa na habari kwamba nimechoka kiasi hicho.

Nimejifunza kunong'ona. Koo linauma kuliko nilipokuwa napiga kelele, lakini Baba ananisikia, na juzi alinijibu kabla sijamaliza sentensi, akacheka. Ile mikono ya mkate nataka unifundishe. Sitachungulia tena. Nitauliza kwanza, na yeye akisema "basi", nitaacha.

Njooni mwezi ujao. Tutakula mezani na yeye atalala chini yake, na atakayetaka kukoroga chai akakoroge varandani. Na jirani yeyote, ndugu yeyote, fundi bomba yeyote atakayesema kwamba katika nyumba hii mtoto analazwa chini ya meza kama paka, usihangaike naye. Mwelekeze kwangu. Sauti yangu ya zamani sijaitupa, Wifi. Nimeiweka tu.

Wifi yako,
Shangazi wa Jaji